Kabla ya kutoa fedha ya miwani, muulize mtaalamu maswali haya

UKIMWONA mtu anasogeza simu mbali na uso na kukunja paji ili asome ujumbe wa fedha ulioingia, ujue huyo ama ameshavuka miaka 40 au anaikaribia. Wenye maduka, mama lishe, mafundi cherehani na wakulima walio katika hali hiyo ni wengi. Wapo wanaomwita mtoto awasomee maandishi madogo yaliyo kwenye chupa ya dawa ya wadudu, na wapo wanaobahatisha.

Kubahatisha huko kuna gharama. Tarakimu moja ikikosewa kwenye namba ya simu, fedha huenda kwa mtu asiyehusika. Vipimo vya dawa vikisomwa vibaya, mazao huungua au wadudu hubaki palepale. Maharage au mchele usiochambuliwa vizuri hushushwa bei na mnunuzi. Fundi anayeshindwa kutunga uzi kwenye sindano hupoteza muda ambao angeutumia kumaliza nguo ya mteja.

Dawa ya tatizo hili, kwa watu wengi, ni miwani. Lakini miwani nayo hununuliwa kwa hasara pale mnunuzi anapoingia dukani bila kujua la kuuliza. Hulipia vitu asivyovihitaji, hupewa lenzi zisizolingana na kazi yake, au huuziwa miwani wakati ana ugonjwa unaotaka hospitali. Makala haya yanaeleza maswali ya kumuuliza mtaalamu wa macho kabla hujafungua pochi.

Miwani ni nyenzo ya kazi

Ndani ya jicho kuna lenzi ya asili inayojikunja na kujinyoosha ili mtu aone karibu na mbali. Kadiri umri unavyosogea lenzi hiyo hukakamaa. Kuanzia miaka 40 hivi, watu wengi huanza kushindwa kusoma vitu vya karibu, ingawa mbali wanaona vizuri. Si ugonjwa wala si laana, na haukwepeki kwa kula karoti. Humpata mkulima na profesa vilevile.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti yake ya kuona iliyokadiria kuwa watu milioni 826 duniani wana tatizo hilo na hawajasaidiwa, wakati linaondolewa kwa miwani ya kawaida ya kusomea.

Faida ya miwani kwa mtu wa kipato kidogo imepimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wachuma chai 751 wa jimbo la Assam nchini India, wote wenye miaka 40 na zaidi, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa miwani mwanzoni, lingine likapewa mwishoni. Uzito wa majani yaliyochumwa na wenye miwani uliwazidi wenzao kwa takriban asilimia 22. Utafiti mwingine, uliofanyika vijijini Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2024, ulihusisha watu 824 wa miaka 35 hadi 65. Baada ya miezi minane, kipato cha kati cha mwezi cha waliopewa miwani ya kusomea kilikuwa dola 47.10 za Marekani, na cha wasiopewa dola 35.30.

Kwa hiyo miwani iwekwe kwenye hesabu moja na jembe, mizani na cherehani. Na kama unavyouliza maswali kabla ya kununua cherehani, ndivyo inavyopasa kuuliza kabla ya kununua miwani.

Swali la kwanza: Wewe ni nani, na umesajiliwa wapi?

Dukani unaweza kukutana na watu wa aina tatu. Yupo daktari bingwa wa macho, ambaye ni tabibu anayetibu magonjwa na kufanya upasuaji. Yupo mtaalamu wa optometria, aliyesomea kupima macho na kutoa namba ya miwani. Wataalamu hawa kwa Tanzania wamekuwa wakifundishwa KCMC mjini Moshi. Na yupo muuzaji, ambaye kazi yake ni kukuonyesha fremu na kupokea fedha.

Wote watatu wanaweza kuwa wamevaa koti jeupe. Uliza bila kuona haya: "Samahani daktari, wewe ndiye utakayenipima? Umesajiliwa na baraza gani?" Tanzania ina Sheria ya Optometria ya mwaka 2007 na Baraza la Optometria linalosimamia kazi hiyo. Mtaalamu wa kweli hakasiriki kuulizwa cheti chake, na mara nyingi amekitundika ukutani. Ukiona muuzaji mwenyewe ndiye anakupa miwani moja baada ya nyingine na kukuuliza "hii unaonaje?", hapo hujapimwa macho.

Swali la pili: Utakagua afya ya jicho, au namba tu?

Kutoona vizuri kuna sababu nyingi, na miwani hutibu baadhi tu. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Presha ya macho huua mshipa wa kuona polepole bila maumivu kwa wagonjwa wengi, na uoni uliokwisha kupotea haurudi. Kisukari huharibu mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho. Watu wanaoshinda juani na kwenye vumbi, wakiwamo wakulima na wavuvi, huota nyama inayotoka pembeni ya jicho kuelekea kwenye mboni.

Mwenye maradhi hayo akiuziwa miwani na kuambiwa "utazoea", anapotezewa muda wa kuokoa macho yake. Muulize mtaalamu kama atatazama nyuma ya jicho kwa kurunzi yake na kama atapima presha ya jicho. Kama duka halina vifaa hivyo, si kosa, lakini akueleze uende wapi. Mwambie pia kama una kisukari au shinikizo la damu, na kama baba, mama au ndugu wa tumbo moja aliwahi kuwa na presha ya macho, maana ugonjwa huo hufuata ukoo.

Usiende duka la miwani kabisa, bali nenda hospitali siku hiyohiyo, ikiwa uoni umepungua ghafla, jicho linauma na kuwa jekundu, unaona mwanga kama wa radi au vidoti vingi vyeusi, au umeona kama pazia limeshuka upande mmoja. Hali hizo haziwezi kusubiri mauzo ya mavuno. Vilevile, kama macho yanabadilika mara kwa mara, leo unaona na kesho huoni, huku una kiu nyingi na unakwenda haja ndogo kila saa, pima kwanza sukari. Sukari ikipanda na kushuka hubadilisha namba ya miwani, na miwani utakayotengenezewa leo inaweza isikufae sukari itakapotulia.

Swali la tatu: Kwa kazi yangu, nahitaji miwani gani?

Hili ndilo swali ambalo wateja wengi hawaulizi. Mtaalamu hupima kwa umbali wa kusoma kitabu, kiasi cha sentimita 40. Lakini kazi yako huenda si kusoma kitabu. Fundi saa hufanya kazi sentimita 25 hadi 30 kutoka machoni. Mwenye duka husoma bei kwenye rafu iliyo mita moja. Mtu wa kompyuta hukaa sentimita 60 hivi kutoka kwenye skrini.

Kila umbali una namba yake, na hesabu yake ni rahisi. Kwa mtu anayeona mbali vizuri lakini ambaye lenzi yake ya asili imekakamaa kabisa, chukua 100 ugawe kwa umbali wa kazi kwa sentimita. Sentimita 40 hutoa +2.50, sentimita 50 hutoa +2.00, na mita moja hutoa +1.00. Mwenye miaka 45 bado ana nguvu kidogo machoni, kwa hiyo huhitaji pungufu ya hapo. Ndiyo maana namba kubwa si lazima iwe bora, kwani huvuta kila kitu karibu mno na kukulazimisha kuinama.

Kabla hujaondoka nyumbani, kaa kama unavyokaa kazini, mwambie mtu apime kwa futi ya fundi kutoka machoni hadi kwenye kazi. Andika umbali huo, mpelekee mtaalamu. Kipimo hicho hakigharimu hata senti moja.

Kisha uliza kuhusu aina ya lenzi. Lenzi ya namba moja huona umbali mmoja tu, na ndiyo ya bei nafuu. Lenzi yenye vipande viwili huona mbali kwa juu na karibu kwa chini. Lenzi ya kubadilika taratibu haina mstari na huona mbali, kati na karibu, lakini bei yake ni kubwa na huhitaji vipimo makini. Aina hizi mbili za mwisho zina jambo moja ambalo mkulima hana budi kulijua. Ukitazama chini kupitia sehemu ya kusomea, ardhi huonekana na ukungu. Anayepita kwenye matuta, ngazi za ghala au mawe ya mlimani anaweza kujikwaa. Wengi wa aina hiyo hufaidika zaidi kwa kuwa na miwani ya kusomea peke yake, inayokaa mfukoni.

Swali la nne: Je, miwani iliyo tayari itanitosha?

Miwani ya kusomea inayouzwa ikiwa imeshatengenezwa, yenye namba kama +1.50 au +2.00, haina sumu na haiharibu macho. Mtu anayeona mbali vizuri kwa macho yote mawili, na ambaye tatizo lake ni la umri tu, anaweza kuitumia na kuokoa fedha. Mtaalamu mwaminifu atakwambia hivyo.

Miwani hiyo haifai ikiwa jicho moja lina namba tofauti na lingine, ikiwa mtu haoni mbali, au ikiwa uso wa jicho si mviringo sawasawa kiasi kwamba mistari huonekana imepinda au imetanda ukungu upande mmoja. Miwani iliyo tayari ina namba ileile kulia na kushoto. Kwa hiyo pimwa kwanza, kisha uliza: "Namba zangu za kulia na kushoto zinalingana? Kama zinalingana, niambie namba nikanunue iliyo tayari."

Na wale wanaoogopa kwamba miwani huyafanya macho yawe mavivu, waondoe hofu. Namba hupanda kadiri ya umri, uvae miwani au usivae.

Swali la tano: Utanipa karatasi yenye namba zangu?

Uliza hili kabla ya kulipia kupimwa. Ukiwa na karatasi yako, unaweza kulinganisha bei katika maduka matatu. Bila karatasi, umefungwa kwenye duka moja kama ng'ombe kwenye mti.

Karatasi hiyo huwa na maneno ya mkato. R au OD ni jicho la kulia, L au OS ni la kushoto. SPH ni nguvu ya lenzi: alama ya kutoa ni kwa asiyeona mbali, alama ya kujumlisha ni kwa anayehitaji msaada zaidi wa karibu. CYL ni marekebisho ya jicho lisilo mviringo sawasawa, na AXIS ni pembe yake, kati ya 1 na 180. Kama pana namba ya CYL lazima pawe na AXIS. ADD ni nyongeza ya kusomea.

Iko namba nyingine ambayo baadhi ya maduka hayaiandiki: PD, yaani umbali kati ya mboni na mboni kwa milimita. Kwa watu wazima wengi iko kati ya 54 na 74. Lenzi zisipowekwa katikati ya mboni, hasa zenye namba kubwa, mtu huumwa kichwa na kuona kizunguzungu. Omba iandikwe.

Swali la sita: Lenzi hii ni ya nini, na upako huu unanisaidia nini?

Lenzi za kioo hazichubuki upesi lakini ni nzito na hupasuka vipande. Lenzi za plastiki ni nyepesi. Zile za polikaboneti ni imara zaidi zikigongwa, kwa hiyo zinamfaa dereva wa bodaboda, fundi seremala na anayekata kuni, ila ziwe na upako wa kuzuia michubuko kwa sababu zenyewe ni laini. Hata hivyo, hakuna miwani ya kawaida inayochukua nafasi ya miwani maalumu ya kuchomelea vyuma au ya kujikinga unapopuliza dawa shambani.

Muuzaji atakutajia upako mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja ulizia bei yake peke yake. Ule wa kuzuia michubuko una maana kwa mtu wa vumbi. Ule wa kupunguza mng'ao humsaidia anayeendesha gari usiku. Kinga ya miale ya jua iandikwe UV400. Weusi wa lenzi hauonyeshi kinga hiyo: miwani myeusi isiyo na kinga hufanya mboni ipanuke na kupokea miale zaidi. Lenzi zinazobadilika rangi juani ni nzuri kwa anayeingia na kutoka, lakini ndani ya gari hazigeuki sana, maana kioo cha mbele huzuia miale inayozigeuza.

Kuna pia lenzi za kuzuia mwanga wa bluu wa simu na kompyuta. Mapitio ya tafiti 17 yaliyotolewa na taasisi ya Cochrane mwaka 2023 yaliona kwamba huenda hazipunguzi uchovu wa macho kwa muda mfupi kuliko lenzi za kawaida. Kama fedha ni ya kubana, hapo ndipo pa kupunguza.

Swali la saba: Fremu ikilegea, nitapata vipuri?

Fremu ya kupendeza isiyo na skrubu za kubadilisha ni mzigo. Uliza kama duka lina skrubu, vikalio vya puani na mikono ya fremu hiyo. Fremu ikae bila kubana masikio na bila kuteleza unapoinama kama unapalilia, na uijaribu hivyohivyo dukani. Kama ngozi yako hutoka vipele kwa hereni au saa ya chuma, chagua ya plastiki, kwa kuwa madini ya nikeli yaliyomo kwenye fremu nyingi ndiyo huleta vipele hivyo. Kama una fremu nzima ya zamani, uliza bei ya kubadilisha lenzi tu.

Swali la nane: Bei yote ni kiasi gani, na isiponifaa?

Omba mchanganuo: kupima kiasi gani, fremu kiasi gani, lenzi kiasi gani, upako kiasi gani. Bei ya jumla isiyochanganuliwa huficha mengi. Ukitoa malipo ya awali, dai risiti ya mashine ya EFD na uandikiwe siku ya kuchukua.

Muhimu zaidi, uliza dhamana kwa maandishi. Miwani mipya huhitaji siku kadhaa hadi wiki mbili kuzoeleka. Kichwa kikiendelea kuuma au sakafu ikionekana imeinama baada ya hapo, kuna kosa. Je, watapima upya bure? Watabadilisha lenzi bure? Kwa siku ngapi? Duka linalokwepa swali hili limeshakupa jibu.

Siku ya kuchukua miwani

Maduka mengi yana mashine ya kusoma namba za lenzi. Omba miwani yako ipimwe mbele yako, na wewe ukiwa umeshika karatasi yako. Ni kazi ya dakika chache.

Unaweza pia kufanya jaribio lako. Nyoosha mkono ukiwa umeshika miwani, tazama kitu cha mbali kupitia lenzi, kisha isogeze kushoto na kulia. Kitu kikienda upande uleule, lenzi ni ya kutoa. Kikienda upande wa pili, ni ya kujumlisha. Halafu tazama ukingo wa mlango huku ukizungusha miwani polepole kama usukani. Ukingo ukipinda, lenzi ina CYL. Jaribio hili halitakuonyesha kiasi, lakini litakushtua kama umepewa miwani ya mtu mwingine.

Mwisho soma kitu cha kazi yako humohumo dukani. Beba kifuko cha mbegu, kitabu cha mikopo au sindano na uzi. Ubao wa herufi wa mtaalamu hauwezi kukwambia kama utaona punje ya mchanga kwenye mchele.

Kuitunza

Vumbi ndilo adui wa lenzi. Kuifuta kavukavu kwa kanga au shati ni kuisugua kwa mchanga. Mwagia maji kwanza, tumia sabuni kidogo, kisha futa kwa kitambaa laini. Usiiache juu ya dashibodi ya gari wala juani, joto hupasua upako. Ilaze lenzi zikitazama juu, na uwe na kasha lake. Baada ya miaka 40 pimwa macho kila miaka miwili hivi. Mwenye kisukari akaguliwe kila mwaka, hata kama anaona vizuri.

Maswali yote haya hayachukui zaidi ya robo saa, na hayamvunjii mtu heshima. Muuzaji mzuri huyafurahia, kwa sababu mteja anayejua anachokitaka harudi kesho kulalamika. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kulipia miwani ya mwaka mzima, kisha kuiweka kabatini na kurudi kumwita mtoto akusomee chupa ya dawa.